Kiraka kwenye Ubao wa Panzi

Kilichomtia wasiwasi Msusi hakikuwa ule ufa. Ufa aliuona kwa macho yake: ulianzia ukingoni mwa ubao wa kuchezea majini, ukapita upande wa chini hadi karibu na pale unapokaa mguu wa nyuma. Hata ulikotoka alikujua, maana mdogo wake mwenyewe, Panzi, alikiri kwamba alikuwa akijionyesha mbele ya wasichana, akaruka juu, akatua kwenye mwamba. Kilichomtia wasiwasi ni jinsi mume wake alivyoupokea ule ubao. Aliupokea akitabasamu.

"Uweke hapo, shemeji," Fundi alisema, akipangusa meza kwa kiganja. "Kesho mchana unauchukua. Lakini ukizama nao, usije kunisumbua kwenye ndoto. Mimi nalala mapema."

Panzi aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mashemeji hao hawakuwahi kumaliza siku bila kutupiana maneno. Fundi akimwita mwenzake kupe, Panzi alimjibu kwamba kupe hukaa penye damu, sasa pale kwake kuna nini cha kunyonya. Wateja waliokuwa saluni walisikia yote kupitia dirisha la nyuma na kucheka pamoja nao. Msusi hakucheka. Alisimama mlangoni na kitana mkononi, akamtazama mume wake, akalisikiliza lile neno "ukizama" mara ya pili kichwani mwake.

Tuseme ukweli juu ya mwanamke huyu, tusimwonee wala tusimpambe. Alikuwa msusi hodari, mwenye mkono mwepesi, na kucha alizobandika yeye hazikung'oka hata mwenye nazo akifua mablanketi. Lakini alikuwa na shuku za kuutosha mtaa mzima. Kijiko kikilala kwenye droo isiyo yake, aliuliza nani kaingia ndani. Mteja akimsifia gauni, alijiuliza huyu leo anataka nini. Mume akichelewa kurudi alimnusa, na akiwahi alimnusa zaidi. Fundi alishamzoea. Siku hizi akiingia mlangoni alikuwa ananyoosha shingo mwenyewe.

Nyumba yao ilikuwa na kazi mbili. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa saluni. Uani, chini ya paa la mabati, Fundi alikuwa akitengeneza mbao za kuchezea majini, zile ambazo mtu hufunga miguu kwenye mikanda yake na tiara kubwa ikamvuta juu ya mawimbi. Kati ya saluni na ua kulikuwa na kachumba kadogo, na humo alilala Panzi, tangu mama yao alipofariki na kumwachia Msusi neno moja tu: "Mtazame mwenzio." Msusi alimtazama kweli. Alimtazama hata pasipohitaji kutazamwa, na kijana akawa anapiga mswaki huku kafunga mlango.

Sasa Panzi alikuwa na mtihani. Shule ya tiara iliyo ufukweni ilitaka mwalimu mpya, na mkuu wake alikuwa amesema kijana aje kesho alasiri, upepo ukishakaa, atoke hadi kwenye boya la mbali, aruke, arudi. Mkuu angesimama mchangani akitazama. Kule kwenye boya maji yalikuwa na kina, tena yalivuta. Mtu akipotelewa na ubao huko, hana pa kuweka mguu. Panzi alikuwa na ubao mmoja tu duniani, na ndio huo wenye ufa.

Jioni ile Msusi hakusuka kitu cha maana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakigeuza kikatazama dirisha la nyuma, akavuta pazia likabaki upenyo.

Kazi ya mume wake alikuwa akiijua, hata kama hakuwahi kuigusa. Alijua kwamba ndani ya ubao kuna sponji ngumu nyeupe, na kwamba maji ya chumvi yakishaingia humo, fundi mwenye akili hafuniki mpaka yatoke yote. Mara ngapi amemsikia akiwaambia watu, "Sponji ikibaki na unyevu, gundi inalala juu juu tu. Ukitua kwa nguvu, kiraka kinabanduka chote." Kwa sababu hiyo aliwaweka wateja wake siku nyingi, wakamnung'unikia, naye akawaacha wanung'unike. Mbao zao zilining'inia uani kama nguo, na mashine ya kukaushia nywele, ya Msusi, ikatoweka saluni na kurudi imejaa mchanga.

Leo alimwona akifanya mambo kwa pupa. Alilamba ufa, akatema, maana ndivyo alivyopima chumvi. Akausafisha kwa maji yasiyo na chumvi. Akaukata kando kando kwa wembe, akatoboa kitundu kwenye ncha ili ufa usiendelee kukimbia, kisha akatoka na kurudi na mashine ya kufyonza vumbi aliyoiazima kwa msafisha mazulia jirani. Akaibandika kwenye ufa, akaziba pembeni kwa nailoni na tepu, ikanguruma ikivuta unyevu. Baadaye akaleta mashine ya nywele. Mpaka hapo sawa. Lakini jua lilikuwa halijazama, na tayari alikuwa anapiga msasa kingo na kuchanganya gundi kwenye kopo.

"Ameshakausha?" Msusi alijiuliza. "Saa hizi hizi?"

Ndipo Fundi akafanya jambo lililomkata maini. Aliinama chini ya meza, akavuta mfuko, na kabla ya kuufungua akageuka, akaangalia mlango wa kachumba ka Panzi, akaangalia na dirisha la saluni. Msusi alirudi nyuma ya pazia. Alipochungulia tena, mume wake alikuwa ameupa mgongo ua mzima, na mikono yake ilikuwa ikifanya kitu kisichoonekana. Sasa mtu anaangalia huku na huku ya nini, kama anachofanya ni halali?

Mezani, wakati wa chakula cha jioni, Msusi alijitia hamnazo.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza."

"Upesi hivyo? Wenzake unawasotesha."

"Wenzake hawana mtihani kesho."

"Na sponji ilikauka?"

"Ilikauka, mke wangu." Fundi alimega mkate. "Ila usiuguse. Nimeufunika na nailoni, mtu asiuguse mpaka adhuhuri. Gundi inataka kutulia."

Kwa mtu mwingine, hayo ni maelezo. Kwa Msusi, lililobaki masikioni ni "usiuguse."

Panzi akanyoosha mkono kuchukua kipande kingine. Fundi akamsogezea sahani yote. "Kula, shemeji, kula. Hiyo ndiyo mikate ya mwisho unayokula bure katika nyumba hii."

Panzi alicheka mpaka chai ikampalia, akasema akishapata kazi atamnunulia Fundi tanuri zima ili anyamaze. Msusi aliacha kutafuna. Ya mwisho? Hakuna aliyemwona anavyobadilika sura, maana wanaume hao walikuwa wanashindana sasa nani anakoroma zaidi.

Alilala ubavu, macho kwenye ukuta, akaunganisha. Mwezi uliopita Fundi alisema kale kachumba kangefaa sana kuwekea mbao, mvua isije ikazinyeshea. Alisema hivyo mara moja tu na hakurudia. Kwa nini hakurudia? Mtu akitaka kitu, husema tena. Asiposema tena, ina maana ameshapata njia nyingine. Nyuma yake mume wake alikuwa anapumua taratibu, mkono umemwangukia kiunoni kama kawaida. Aliuondoa ule mkono akauweka juu ya shuka.

Asubuhi Fundi alienda duka la vifaa kutafuta skrubu za mikanda ya miguu, kwani za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu. Panzi alikuwa ufukweni akipima upepo kwa kidole na kuwaeleza watu atakavyoruka. Saluni alikuwepo mteja mmoja, mama mnene mwenye maneno mengi, kichwa kimesukwa upande wa kulia na upande wa kushoto bado umesimama wima.

"Nakuja sasa hivi," Msusi alimwambia.

"Nenda tu, mwanangu, mimi nipo."

Alichukua mashine ya kusagia kucha, ile ndogo yenye kijiwe cha kuzunguka, akaificha ndani ya taulo akatoka uani. Ubao ulikuwa umelala kifudifudi juu ya meza, kiraka kikitazama mbinguni. Akabandua nailoni. Kiraka kilikuwa laini, cheusi kwa ndani, kimechongwa ukingo wake ukaisha taratibu hata usijue kinapoanzia. Kizuri mno, alifikiri, na hata uzuri huo akautilia shaka.

Alikusudia kitundu tu, cha kupitisha hereni, achungulie sponji, basi. Aliwasha mashine. Gundi iliyokauka ikatoa unga mweupe na harufu kali. Kitundu hakikuonyesha kitu, akakipanua. Bado giza. Akaendelea kukivuta kushoto, akakata, akakata tena, mpaka akapata mfereji wa urefu wa kidole ulioupasua ule weusi moja kwa moja. Akachomeka ncha ya kijiti cha kusafishia kucha, akainua.

Sponji ilikuwa nyeupe na kavu kabisa. Aliikandamizia karatasi ya chooni, akaihesabia pumzi kadhaa, akaiangalia kwenye mwanga. Hakuna hata doa. Aliilamba sponji yenyewe, na chumvi hakuionja.

Kisha akautazama ule weusi. Kilikuwa kitambaa cha nyuzi nyeusi zilizofumwa mshazari, kimewekwa tabaka juu ya tabaka, na Msusi alikifahamu. Kipande hicho cha nyuzi za kaboni, zenye nguvu kuliko za kawaida, kilikaa chini ya meza tangu mwaka jana. Fundi alikuwa amekitafuta kwa taabu kwa ajili ya ubao wake mwenyewe, ule uliopasuka pua, uliosimama kwenye kona ile ukingojea apate nafasi ya kuutengeneza. Msusi aliinama akavuta mfuko. Ulikuwa mtupu. Hakubakiza hata kipande cha kujaribia.

Basi sababu ya kuangalia huku na huku ni hii. Fundi alikuwa mtu wa kutenda wema kwa kujificha, asije akashukuriwa mbele za watu, na angemsikia Panzi akimshukuru angetafuta tusi la kumjibu. Msusi aliona aibu. Akamwona mume wake jana jioni ameinama pale pale, anakata kitambaa chake cha thamani kwa mkasi, na nyuma ya pazia kuna mke anayemhesabia dhambi.

Mbele, kengele ya mlango wa saluni ikalia. Alimsikia Fundi akimsalimia yule mama mnene, na mama akimjibu kwa maneno mengi sana, Mungu ambariki.

Hapo Msusi alikuwa na mlango wazi. Angeweza kusema: nimekosa, mume wangu, nimeutoboa, utengeneze upya. Fundi angekasirika, Panzi angeomba siku nyingine, mambo yangeisha. Lakini angeulizwa kwa nini. Na jibu la kwa nini hakulitaka kutoka kinywani mwake.

Akakimbilia kisanduku chake. Alimimina gundi ya kucha kwenye mfereji, akanyunyiza unga wa kucha, akatia dawa yake ya kugandisha, akanyunyiza tena. Kitu kikashika mara moja kama kawaida yake. Akapitisha tupa, akapitisha tupa laini, akafuta vumbi kwa taulo, na pale palipobaki peupe akapaka rangi ya kucha nyeusi, tabaka mbili. Kwa jicho la haraka huoni kitu. Palikuwa panang'aa kidogo tu kuliko pengine.

Alijiambia kwamba wanawake wanafua na kucha zile, wanasugua masufuria, wanabeba watoto, hazing'oki. Alijiambia hivyo kwa sababu alilikumbuka na neno jingine la mume wake, alilokuwa akiwaeleza wateja wabishi: gundi ni ya kushikilia tu, nguvu yote iko kwenye nyuzi. Nyuzi ndizo alizozikata.

Fundi aliingia uani akipiga mluzi. Aliuangalia ubao, akaona nailoni imetoka.

"Upepo umeitoa," Msusi alisema kabla hajaulizwa.

"Si kitu, imeshakauka." Akaugeuza ubao kwa upole, kiraka kikalala juu ya blanketi, akaanza kukaza skrubu za mikanda upande wa juu. "Mbona unatetemeka?"

"Njaa."

"Kanywe chai basi."

Panzi akaja amevaa mkanda wa kiunoni na jaketi la kuokolea, anaruka kwa mguu mmoja. Aliuchukua ubao, akaubusu upande wa juu, akampigia Fundi saluti.

"Leo usiende," Msusi alisema.

"Kwa nini, dada?"

"Nimeota vibaya."

"Dada, wewe ukiota mvua unaanika masufuria. Nitaacha kazi kwa sababu ya ndoto?"

"Mwache aende," Fundi alisema.

Na hata pale, hata baada ya kuiona sponji kavu na mfuko mtupu, Msusi alimpiga mume wake jicho. Tabia haitoki kirahisi hivyo. Panzi alitoka na ubao wake kwapani, Fundi akimfuata na pampu ya tiara, wakibishana nani miguu yake inanuka.

Saluni, mikono ilimkataa. Alisuka msuko mmoja ukaelekea sikioni, akaufumua, akasuka mwingine ukaelekea puani. Mama mnene alimtazama kwenye kioo.

"Mwanangu, kichwa ni changu, lakini leo naona unamsuka mtu mwingine."

Msusi aliangusha kitana akatoka mbio. Mama naye akainuka na taulo lake mabegani, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu ikipeperuka, akamfuata barabarani akiuliza kuna nini, na alipokosa jibu akaendelea kufuata tu, maana lazima palikuwa na jambo.

Ufukweni watu walikuwa wengi. Wengi wao walikuwa na mbao zilizopita mikononi mwa Fundi, na walimsalimia alipokatiza. Mkuu wa shule, mtu mrefu mwenye kofia pana, alisimama karibu na mashua ya uokoaji, na Fundi alikuwa kando yake. Walikuwa wakinong'onezana. Mkuu akacheka, akampiga Fundi begani. Wanacheka nini? Msusi alijikuta anatamani kweli pawe na njama, hata ndogo tu, ili asiwe peke yake mwenye kosa. Tiara ya Panzi ilikuwa tayari juu. Alipolifikia lile kundi, kijana alikuwa ameshaingia majini na anakata mawimbi kuelekea mbali.

Alimshika mume wake mkono. "Mwite arudi."

"Nani? Panzi? Huoni anavyokwenda?"

"Mwite. Nakuomba."

"Upepo ni mzuri, mama, tulia." Fundi alimsogeza pembeni, akashusha sauti. "Ubao utamfikisha. Nimemwekea kile kitambaa changu cheusi, chote. Usimwambie, atajiona mkubwa. Na huyu mkuu ameniambia hivi sasa, akiruka vizuri tu, kazi ni yake, na chumba cha kulala atapewa hapo hapo shuleni."

Kumbe maana ya mikate ya mwisho ilikuwa hiyo. Msusi alifungua kinywa. "Ule ubao..." alisema, na akamwona mume wake anavyomtazama, macho yamejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri kwa siri na sasa amepata wa kumwambia. Sentensi ikaishia hapo.

Panzi alifika kwenye boya. Aliinua tiara, akapaa. Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Alikwenda juu kuliko alivyowahi kwenda, akajikunja, akajikunjua, akashuka, akatua kwa miguu yote miwili. Sauti haikufika ufukweni. Walichokiona ni ubao unakunjika katikati ya miguu yake, kisha Panzi hayupo, kisha tiara inayumba na kulala juu ya maji.

Mkuu akapiga kelele, mashua ikaondoka. Msusi aliingia majini na viatu vyake, maji yakamfika kiunoni, Fundi akamkamata kwa nyuma. Mwenyewe hakusikia alichokuwa akikiita kwa yowe. Mama mnene baadaye aliwaambia watu kwamba lilikuwa jina la mama yao.

Walimrudisha akiwa hai. Nyusi ilikuwa imepasuka, damu na maji vikamtiririka usoni, na alitapika chumvi mara kadhaa kabla ya kukaa. Dada yake alimshika kichwa, akampapasa mabega, mbavu, vidole, kama anayetafuta kilichopungua. Waokoaji wakatupa vipande viwili vya ubao mchangani. Vilikuwa vimekatika pale pale kwenye kiraka.

Panzi alivitazama, kisha akainua macho. Safari hii hakukuwa na utani ndani yake.

"Shemeji," alisema, "ulitaka kuniua?"

Mkuu wa shule akavua kofia. "Fundi, mimi wanafunzi wangu wote nawaleta kwako. Watoto wa watu. Hii ni kazi gani?" Nyuma yake, mtu mmoja aliugeuza ubao wake mwenyewe akaanza kukagua upande wa chini, na mwingine akafanya vile vile.

Fundi alichuchumaa. Aliokota kipande kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye mvunjiko. Nyuzi nyingi zilikuwa zimechanika ovyo, lakini mahali pamoja zilikuwa zimekatwa sawa, mstari mnyoofu, wa chombo. Akakwangua kwa ukucha. Rangi nyeusi ikabanduka, na chini yake kikatokea kitu cheupe kinachong'aa. Alikinusa. Harufu hiyo aliishi nayo kila siku, ilikuwa ikipita dirishani asubuhi hadi jioni. Aliinua macho akaitazama mikono ya mke wake, na Msusi alijua kwamba amejua.

Fundi aligeuza kile kipande, kiraka kikaelekea chini, akakiweka mchangani.

"Ni mimi," alimwambia Panzi. "Nilifanya haraka. Sponji haikukauka vizuri, nikafunika. Nisamehe, shemeji." Kisha akamgeukia mkuu. "Kosa ni langu. Watoto wapeleke kwa fundi mwingine."

Hakumtazama tena mke wake. Alisimama na mikono yake mikubwa ikining'inia, mbele ya watu wote waliomwamini, akisubiri waseme lolote watakalosema.

Msusi angeweza kukaa kimya. Njia alikuwa ameshatengenezewa, na mtengenezaji alikuwa yule yule ambaye yeye alimchungulia jana.

"Anadanganya," alisema.

Fundi akatikisa kichwa. "Mama, acha."

"Anadanganya! Ubao ulikuwa mzima. Aliutia kitambaa chake mwenyewe, chote, na sponji ilikuwa kavu, niliilamba. Mimi ndiye niliyekata. Leo asubuhi, kwa mashine ya kucha. Nikaziba na gundi yangu, nikapaka rangi, nikakuacha uondoke nao." Alikuwa anasema na Panzi lakini sauti ilimfikia kila mtu. "Nipigeni mimi. Yeye hana kosa."

Mkuu wa shule alikiokota kile kipande, akakwangua kama alivyokwangua Fundi, akakirudisha chini polepole. Akamwendea Fundi, akamshika mkono. Wale waliokuwa wakikagua mbao zao waliona haya, wakaacha.

"Lakini kwa nini, dada?" Panzi aliuliza. Damu ilikuwa imemwingia jichoni, akawa anamtazama kwa jicho moja. "Ulikuwa unatafuta nini humo?"

Sasa hakukuwa na pa kukimbilia.

"Nilidhani amekufanyia hila. Kwa yale maneno yake. Na kale kachumba. Nilidhani anataka ufe."

Mama mnene, ambaye hakuwahi kukosa neno, alishika mdomo kwa taulo. Panzi alianza kucheka, kwa mazoea, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

Fundi alikuwa ameubeba uongo ule bila shida. Alidhani mke wake ameponyokwa na mashine yake juu ya ubao, ikakikata kiraka, akaogopa kusema, makosa ya mtu wa kawaida, na kwa makosa ya namna hiyo alikuwa tayari kufunga karakana yake. Hili jingine hakulitarajia. Alilipokea amesimama, na Msusi aliona likimwingia usoni kidogo kidogo.

"Tangu jana?" aliuliza.

"Tangu jana."

"Jana ulipouondoa mkono wangu," Fundi alisema, "nilidhani unasikia joto tu."

Fundi aliokota vile vipande viwili, akavipanga kimoja juu ya kingine, akaviweka kwapani, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.